Mawe Mezani: Asubuhi Moja Darasa la Pili, Toronto

Theluji ya jana imegeuka tope la kijivu langoni. Watoto wa darasa la pili wanavua buti ukumbini, wanazipanga ukutani, wanavaa viatu vya ndani. Hii ni shule ya msingi ya Kikatoliki kaskazini-magharibi ya Toronto, si mbali na makutano ya barabara za Jane na Finch, mtaa ambao ukisimama kituo cha basi utasikia Kihispania, Kivietinamu, Kitwi na, ukisubiri kidogo, Kiswahili cha Kivu.

Kipaza sauti kinapiga wimbo wa taifa, kisha inafuata sala fupi. Kwenye sala hiyo ndipo shule hii inapoachana na shule ya umma ya jirani, ingawa zote mbili zinaendeshwa kwa kodi. Katiba ya Kanada ya mwaka 1867 iliwahakikishia Wakatoliki wa jimbo la Ontario shule zao. Shule za umma, kwa upande wao, zilipoteza ibada ya asubuhi mwaka 1988 kwa hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya jimbo. Mwaka 1990 mahakama hiyohiyo ikazuia masomo ya dini yenye nia ya kumvuta mtoto kwenye imani moja.

Kuandikishwa humu kunadai cheti cha ubatizo, cha mtoto au cha mzazi. Kwa aliyekimbia vita vya Kivu usiku, cheti hicho kina safari yake: simu kwa binamu, binamu kwa katekista, katekista kwa daftari la parokia, picha ikatumwa kwa WhatsApp.

Na hapa siwezi kupita kimya. Msomali wa Dixon Road, hapahapa Toronto, analipa kodi ileile, lakini mwanawe anajifunza Kurani kwenye dugsi, madrasa ya Kisomali, baada ya shule na mwisho wa wiki, kwa ada ya wazazi. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitamka mwaka 1999 kwamba utaratibu huu wa Ontario ni ubaguzi, na bado upo. Kwetu Tanzania kipindi cha dini kimo kwenye ratiba ya shule ya serikali: watoto wanagawanyika, hawa kwa ustadhi, hawa kwa katekista, hawa kwa mchungaji, kisha wanarudi kwenye dawati moja. Kwa haki, kwetu wametangulia.

Ila humu darasani niliona jambo ambalo katekisimu yangu ya maswali na majibu haikunipa.

Chini ya dirisha kuna meza ya sala. Kitambaa chake ni cha zambarau, maana ni Kwaresima. Juu yake kuna Biblia iliyofunguliwa, msalaba wa mbao, mshumaa wa betri na bakuli la mawe madogo. Mwalimu anazima taa. Watoto wanakaa kwenye zulia kwa duara, naye hasemi neno. Watoto ishirini ushei wa miaka saba hawanyamazi kirahisi: mmoja anavuta soksi, mwingine anakohoa makusudi. Mwalimu anangoja. Kisha mwenye neno anaokota jiwe, analiweka karibu na mshumaa, anamwambia Mungu alilo nalo.

Mbwa wa jirani amepotea. Mama apate kazi nyingine. Msichana mmoja akasema amemkasirikia Mungu, kwa sababu bibi yake alikufa Uvira na wao hawakwenda kumzika. Nilimtazama mwalimu, nikingoja amrekebishe. Akamshukuru, akainamisha kichwa, akangoja jiwe linalofuata.

Sisi watoto wetu tunawapa maneno ya sala mapema, na tunafanya vyema. Mtoto wa Bukoba anasali rozari bila kusita. Wa Lamu anasoma Juzuu Amma kwa ghibu. Hiyo ni akiba ya maisha. Lakini ni mara chache tunamwuliza mtoto ana neno gani yeye mwenyewe na Mola wake, na akilisema tunakimbilia kulinyoosha. Mtoto aliyezoea kunyooshwa hujifunza kumficha Mungu hasira yake, na akikua hana pa kuipeleka.

Mwalimu aliniambia kwamba dakika hizi kumi ndizo za kwanza kuliwa siku zikibana. Darasa la tatu lina mtihani wa jimbo wa kusoma, kuandika na hisabati, na maandalizi yake yanaanza kusukuma mapema. Yeye anazilinda.

Mchana baba wa yule msichana alikuja kumchukua, akiwa na fulana ya kazi. Hufanya zamu ya usiku kwenye ghala. Mwalimu alizungumza naye pembeni, mtoto akiwa amemshika mkono.

"Ndugu yangu," baba huyo aliniambia baadaye, "nyumbani hakusema. Sisi wakubwa tulilia, tukadhani yeye anacheza."

Mwalimu alikuwa amemwomba aje awaongoze watoto katika sala ya kumwombea marehemu, kwa Kiswahili, kama wangefanya Uvira. Aliuliza kama lazima avae suti. Wakapatana Ijumaa asubuhi, akitoka zamu.