Mbwa Wangu Chotara

Mbwa wangu Tomi ni chotara: mama yake ni wa kienyeji, na baba yake ni Labrador, yaani mbwa wa kumletea mwindaji ndege waliopigwa bunduki. Kwa hiyo apenda sana maji na kubeba vitu mdomoni. Asubuhi huniletea viatu vyangu pasipo kuvitoboa. Ni mlafi pia, basi nampimia chakula, asije akanenepa kupita kiasi. Kila jioni namtoa kupe masikioni na katikati ya vidole. Majirani hunicheka kwamba namlea kama mtoto. Lakini watoto wangu hucheza naye kutwa, na mtu akipatwa na kichaa cha mbwa, dalili zikisha kuonekana, ni nadra mno kupona. Ndiyo sababu kila mwaka nampeleka kuchanjwa. Je, ndugu msomaji, mbwa wako alichanjwa lini?