Achia Mafuta Kwanza

Kijana wetu anajifunza kuendesha gari la familia, nasi tumemkataza jambo moja: kubadili gia ilhali mguu ungali umekanyaga mafuta. Yeye huona anaokoa muda. Lakini klachi ikishakanyagwa, injini haina tena mzigo wa kuvuta. Mizunguko yake hupanda ikanguruma bure. Klachi inapoachiwa, sahani yake husuguana, hupata moto na kulika, nalo gari hushtuka pamoja na bibi aliyeketi nyuma. Madereva wa mashindano hufanya hivyo wakitafuta sekunde; sisi twatafuta kufika salama. Gari ni amana, na waliomo ndani ni amana kubwa zaidi. Hivyo twamwambia: mwanetu, achia mafuta, kanyaga klachi, badili gia, kisha endelea taratibu.