Ng'ombe Bila Ritifaa

Mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uko mbali na bahari. Lakini sauti moja ya puani inaukaribisha na Unguja. Ndiyo inayoanza jina la ng'ombe, mnyama ambaye wafugaji wa Kisukuma walihamia naye katika nyika za Katavi. Ndiyo pia inayoanza jina la Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe. Katika maandishi, sauti hiyo huegemea alama ndogo iitwayo ritifaa.

Chukua mfano wa mfugaji wa Mpanda atakaye tovuti yenye jina la mali yake. Akiandika ng'ombe, mashine itakataa. Majina ya vikoa yalijengwa kwa herufi 26 za Kilatini, tarakimu na kistari. Kanuni za mwaka 2010, zinazozikaribisha herufi za lugha nyingi za dunia, zinaikataza ritifaa ya kawaida kwa kuihesabu kuwa alama ya uakifishaji. Zinamkubali pacha wake anayehesabiwa kuwa herufi, lakini huyo hayumo katika kibodi za kawaida. Basi mfugaji atabaki na "ngombe".

Katazo hilo lina sababu. Alama zinazofanana na ritifaa ni nyingi, na jicho halizitofautishi. Mlaghai angeweza kusajili jina pacha na kuwanasa watu.

Hata hivyo, mpenzi wa mashairi anaujua uzito wa alama hiyo. Ngoa ni shauku na wivu. Ng'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Wazee walioandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu mara nyingi waliitumia herufi moja, ghaini, kwa sauti hizo zote mbili, na msomaji akaitambua iliyokusudiwa kwa maana ya ubeti. Mashine haina sikio hilo: maneno mawili yakiandikwa sawa, kwake ni neno moja.

Kuikosa ritifaa katika anwani ni hasara ya kuvumilika, kwa kuwa inanunua usalama. Isiyovumilika ni anwani kugeuka mwalimu wa tahajia, kibao cha duka na daftari la mtoto vikaiga kosa lake. Anwani na iandikwe kama mashine itakavyo; ndani ya ukurasa, ng'ombe aandikwe mzima.