Soma Nisikie



 Wapenzi wanafunzi na wazazi, napenda kuwasimulia kosa langu mwenyewe, huenda likamfaa mwingine.

Ofisi ya madrasa yetu hapa Mtendeni, Tabora ilikuwa na kompyuta moja. Humo niliweka rejista: majina ya watoto, ada zao, na juzuu aliyofikia kila mmoja katika hifdhi. Kila Alhamisi jioni nilichomeka flashi, nikanakili, kisha nikaifungia kabatini. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili, na moyo wangu ulitulia.

Siku moja umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa nguvu. Kompyuta haikuwaka tena. Fundi akasema diski imekufa. Nikamjibu, "Hapana neno, ninayo nakala."

Tukaichomeka flashi kwenye mashine yake. Jina la rejista lilikuwepo, lakini halikufunguka. Fundi akanionyesha kimshale kidogo pembeni mwa alama yake. Kumbe siku zote nilikuwa nanakili njia ya mkato, yaani kielekezi tu cha kwenda kwenye faili, si faili lenyewe! Kwenye kompyuta yangu ilifunguka kwa sababu faili lilikuwa humo humo. Ningeijaribu mara moja tu kwenye kompyuta nyingine, ningejua.

Baadhi ya wenye seva kubwa huweka nakala zao kwenye kanda za sumaku. Walio waangalifu hawaridhiki kwamba kanda imejaa. Huirejesha kwenye mashine nyingine, waone kama itawaka na mafaili yatafunguka. Hata wakubwa huteleza. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta data zake kwa bahati mbaya, ikakuta njia zake kadhaa za kuweka nakala hazikuwa zikifanya kazi. Ilipoteza data za saa sita.

Sisi ilibidi tuwasikilize watoto upya, mmoja mmoja. Binti mmoja aliniambia, "Usihuzunike ustadh, nisikilize." Akasoma juzuu zake zote bila kukwama. Lakini kijana ambaye nakumbuka nilimwandika juzuu tano alikwama katika ya pili, akalia. Mwenye kustahiki kulia ni mimi, maana niliandika kwa kuambiwa na wenzake, sikumsikiliza. Basi rejista yangu ilikuwa na jina bila kitu ndani hata kabla diski haijafa.

Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Jibril (A.S.) alikuwa akidurusu Qur'an na Mtume (S.A.W.) kila mwaka mara moja, na katika mwaka aliofariki, mara mbili. Ikiwa Mtume alidurusu, sembuse sisi?

Siku hizi kila mwisho wa mwezi naifungua nakala kwenye kompyuta ya jirani, nakagua majina machache na kuyalinganisha na daftari la karatasi. Yule kijana amefika juzuu ya tatu, na safari hii nimeisikia kwa masikio yangu.

Wazazi wangu, mtoto akirudi nyumbani msimuulize tu, "Umefika wapi?" Mwambieni, "Soma nisikie."