Milango ya Lamu na Mchoro wa Karatasi

Mgeni ashukaye gatini Lamu na kuingia katika vichochoro vya mji huo wa kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hulakiwa na milango. Miimo, kizingiti cha juu na mfaa wa kati hujaa nakshi za maua na majani.

Nakshi hizo hazianzi na patasi, bali na mchoro. Mafundi hodari huchora kwa rula na bikari juu ya ubao wenyewe. Aliye na kielelezo kilichochapwa hutandika karatasi ya kaboni juu ya ubao uliopigwa randa, huweka kielelezo juu yake, huvikaza visisogee, kisha hufuatisha mistari kwa kalamu yenye ncha ngumu. Ua lenye pande mbili zilizo sawa huchorwa nusu tu. Karatasi hugeuzwa ili upande wa pili upatikane.

Lakini kugeuza huko kuna hatari. Karatasi ya wino ikilazwa kifudifudi na kusuguliwa, mchoro hutoka kinyume. Ua halidhuriki; lakini maandishi ya Kiarabu, au mwaka wa nyumba, hayasomeki tena, na ubao uliokwisha kuchimbwa haurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo fundi mwangalifu husoma kila neno juu ya ubao, kutoka kulia kwenda kushoto, kabla hajainua nyundo. Haraka haina baraka, hata kwa mwenye kielelezo kizuri.