Je, kulala ni burudani?

Nimekuwa kimya, kazi zimenibana kweli kweli, lakini kuna hukumu moja ya 2025 ambayo haijanitoka kichwani. Haihusu kompyuta. Inahusu watu wanaobeba hema mgongoni na kulala mbugani bila kutoa hata ndururu.

Dartmoor ni mbuga ya kitaifa kusini magharibi mwa Uingereza, iliyoanzishwa 1951. Ardhi yake nyingi ina wenyewe, lakini watu wamepiga kambi kule miaka nenda miaka rudi. Sheria ya 1985 inaupa umma haki ya kuingia kwenye malisho ya pamoja, kwa miguu na kwa farasi, kwa ajili ya burudani za nje. Kifungu hicho hakitaji kambi popote.

Mume na mke wenye shamba kubwa kule wakaenda mahakamani. Januari 2023 Mahakama Kuu ikakubaliana nao: kulala hemani si burudani, ni njia tu ya kumsaidia mtu aendelee na matembezi yake. Haki ikayeyuka hivyo, ikawa lazima uwe na ruhusa ya mwenye ardhi. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo. Mei 2025 Mahakama ya Juu, majaji wote wakiwa kitu kimoja, ikasema kambi ni burudani ya nje. Maneno "kwa miguu" yanazuia gari, hayamzuii mtu kukaa chini na kulala.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugomvi huu. Mteja akiandika "mtumiaji aweze kuona ripoti", je, kuona ni pamoja na kuipakua? Kila mtu anadhani jibu liko wazi, mpaka siku atakapotokea mmoja mwenye sababu ya kulisoma vingine. Tofauti ni kwamba mimi naweza kumpigia mteja simu. Watu wa Dartmoor walisubiri zaidi ya miaka miwili.

Na bure hii ina masharti: hema dogo, moto hauruhusiwi, usizidi usiku mbili mahali pamoja, ukae mbali na barabara, uondoke na taka zako.

Hapa Kenya kambi za mbuga za KWS hulipiwa kwa kila mtu, kila usiku. Sisemi tuige Dartmoor. Kule utaamshwa na kondoo au farasi wadogo, huku anaweza kuja tembo, na askari wa kukulinda lazima alipwe. Lakini nikipiga hesabu ya familia ya watu watano, naona kwa nini watoto wengi wa Nairobi wanamjua simba kwenye skrini tu. Kama siku moja tutaandika haki ya wananchi kulala mbugani, naomba tuandike neno "kulala" lenyewe.

Haya, tuonane tena.