"Vimebaki Viwili Tu": Uongo Mdogo Unaoondoa Baraka



Ndugu yangu, dada yangu, leo nakusimulia kosa langu mwenyewe. Si vizuri mja kutangaza alichositiriwa na Allah, lakini niliyemkosea alishalijua na akanisamehe, na ugonjwa wenyewe umejaa katika biashara zetu za mtandaoni. Soma mpaka mwisho.

Mwaka 2008 nilikuwa mwanafunzi Uingereza. Jumamosi nilifanya kazi katika duka dogo la mifano ya zana za vita: vifaru, ndege na malori ya jeshi ya kuweka kabatini. (Mas-ala ya sanamu za viumbe hai yana mlango wake, leo si somo letu.) Usidhani wateja walikuwa watoto. Wengi walikuwa wazee wastaafu, wakusanyaji wanaomjua kila mtengenezaji na kila toleo.

Msukosuko wa uchumi ulipoingia, bei zikapanda huku mifuko ikikauka. Wateja wakasema, "Mnatuibia." Je, ni kweli? Tupige hesabu.

Kwanza, sarafu. Mifano mingi ilitengenezwa China na kununuliwa kwa dola. Katikati ya 2008 pauni moja ilikuwa karibu dola 2. Januari 2009 ilikuwa imeshuka chini ya dola 1.40. Kifaru cha dola 40 kiwandani, kilichokuwa pauni 20, kikawa karibu pauni 29, na muuzaji hajaongeza faida hata senti.

Pili, kalibu. Kabla kifaru cha kwanza hakijatoka, lazima ichongwe kalibu ya chuma, na gharama yake haipungui kwa sababu wanunuzi wamepungua. Tuseme ni pauni 10,000. Ukitoa vifaru 5,000, kila kimoja kinabeba pauni 2. Ukitoa 500, kila kimoja kinabeba pauni 20.

Tatu, viwanda vyenyewe. Oktoba 2008 kampuni ya Smart Union, watengenezaji wa vitu vya kuchezea huko Dongguan, ilifunga milango, na maelfu ya wafanyakazi wakabaki nje wakidai mishahara yao. Sisi tuliofundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, tukumbuke kwamba bei rahisi mara nyingine hulipiwa na mwingine.

Kwa hiyo bei kupanda peke yake si dhulma. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume ﷺ awapangie, naye akakataa, akiogopa kukutana na Allah hali ya kuwa kuna mtu anamdai haki ya damu au mali. Dhulma huingia pale ulimi unaposema uongo.

Na ulimi ulikuwa wangu.

Jioni moja ya baridi mzee mmoja alishika kisanduku cha kifaru, toleo la idadi maalumu. Akakirudisha kwenye rafu. Akakishika tena. Nikamwambia, "Mzee, vimebaki viwili tu." Stoo vilikuwepo kumi na moja. Akafungua pochi, akahesabu mpaka sarafu za mwisho, akaondoka.

Mwenye duka, mtu asiye Muislamu, alikuwa amesikia. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mfuate. Mwambie ukweli."

Nilimkuta kituo cha basi. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema, "Pesa hii niliiweka ya gesi ya kupashia nyumba joto." Tulirudi dukani pamoja, nikamrudishia pesa yake. Akanipa mkono, akanishukuru kwa kumfuata. Ndugu yangu, ningetamani anitukane. Mimi niliyehifadhi hadithi za ukweli wa mfanyabiashara nilifundishwa kuzitenda na mtu asiyezijua.

Zingatia hili: kitu cha mkusanyaji hakiliwi wala hakivaliwi. Sehemu kubwa ya anacholipia mnunuzi ni uchache wake. Ukidanganya idadi, umedanganya bidhaa yenyewe. Mtume ﷺ alitia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea mwenye nafaka kwamba anayedanganya si katika sisi. Stoo yangu ndiyo ilikuwa chini ya lundo lile.

Basi wewe unayeuza mtandaoni, iwe viatu, mitumba au manukato:

1. Usiseme "vimebaki viwili" na stoo imejaa.
2. Ukiahidi kutoa 500 tu, hiyo ni amana. Kutoa vingine kwa siri ni khiyana.
3. Usimtume rafiki apandishe bei kwenye mnada hali hana nia ya kununua. Hiyo ndiyo najash, na imekatazwa.
4. Gharama zikipanda, pandisha bei na useme sababu kama ilivyo.

Nawe mnunuzi, usimwite mtu mwizi kabla hujajua hesabu yake. Wala usinunue cha kabatini kwa pesa ya jiko la wanao.

Muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa. Wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Faida ya kifaru kile ingeishia kwenye droo ya duka, lakini deni lingenisubiri Siku ya Hesabu.

Ewe Allah, zitakase ndimi zetu na riziki zetu, na utupe ujasiri wa kuwafuata tuliowadhulumu kabla basi halijaondoka. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Sambaza, huenda ikamfaa ndugu yako.